Gemu za zamani zilituacha tukwame, za sasa zinatutafunia kila kitu

Kuna gemu ya adivencha, yaani ya hadithi na kutatua mafumbo, ya mwaka 1990 inaitwa The Secret of Monkey Island, ndani yake kuna mapigano ya upanga lakini huo upanga haukusaidii kitu, unashinda kwa matusi. Unakutana na haramia njiani, anakwambia unapigana kama mfuga ng'ombe, na kama huna jibu unashindwa, ila tusi lake unaondoka nalo. Unakwenda kumtupia haramia mwingine, yeye anakujibu kwamba sawa kabisa maana we unapigana kama ng'ombe, basi na hilo jibu unaliweka. Unakusanya hivyohivyo mojamoja mpaka unajiona umeiva, alafu unakwenda kwa bingwa wa upanga na yule mama anakutolea matusi ambayo hujawahi kuyasikia hata siku moja. Hapo ndo akili inafanya kazi. Majibu yaleyale uliyonayo yanaingia kwenye matusi mapya, ila inabidi we mwenyewe uone lipi linakaa wapi. Siku niliposhtukia hilo nilisukuma kiti nyuma nikabaki naitazama skrini tu, maana gemu haikuniambia neno, iliniamini tu kwamba nitang'amua.

Kwa hiyo mtu akisema siku hizi ubunifu umekufa na gemu zimebaki grafiki tupu, namuelewa kabisa, hata mi nimeshayasema hayo mara nyingi. Ila kila nikitulia nikaipima hii hoja naona tunachanganya vitu viwili: kuna ubunifu wenyewe, na kuna ile hali ya kuachwa peke yako na fumbo, na nadhani tunachokililia hasa ni hicho cha pili.

Tuanze na haki ya wazee wetu waliotengeneza gemu za mwanzo. Will Crowther alikuwa mtaalamu wa programu na pia mpenzi wa kuingia mapangoni, mwaka 1976 akatengeneza Colossal Cave Adventure kwa kufuata pango la kweli la Mammoth Cave kule Kentucky, Marekani, na mwaka uliofuata Don Woods akaongezea vitu. Gemu nzima ilikuwa maandishi. Hamna picha, hamna sauti, unaandika neno moja au mawili kwenye kibodi, mashine inakuelezea ulipo. Mwaka 1980 Roberta na Ken Williams wakatoa Mystery House na ndani kukawa na picha, ila ni mistari tu kama aliyochora mtoto kwenye daftari. Sasa ukiwa na mashine dhaifu kiasi hicho huwezi kumvuta mchezaji kwa uzuri wa nyasi au jua linavyozama, silaha pekee uliyonayo ni wazo, kwa hiyo wazo likiwa bovu gemu imekufa. Kubanwa kule kulizaa mengi, hilo silibishi.

Lakini jamani tuseme na upande wa pili, kwa sababu hamu ya zamani ina tabia ya kufuta madhambi.

King's Quest V, pia ya 1990. Unatembea zako, ghafla paka anamkimbiza panya mbele yako. Una sekunde chache tu za kumrushia paka kiatu ulichookota jangwani. Usipofanya hivyo, gemu inaendelea kama kawaida, inakuacha utembee, utatue mafumbo mengine, useme leo nimefika mbali, alafu baadae sana unafungwa kamba kwenye chumba cha chini na aliyetakiwa kuja kuzitafuna hizo kamba ni yulee panya. Hayupo. Umekufa, na kama huna sehemu ya nyuma uliyohifadhi, unaanza upya. Huu sio ubunifu bana, huu ni mtego, na mbaya zaidi ni kwamba hauambiwi umeshanasa.

Ile ya Gabriel Knight 3 ya mwaka 1999 ndo ilivuka mipaka. Gabriel, shujaa wa gemu, anataka kukodi pikipiki iliyowekwa kwa jina la rafiki yake Mosely, kwa hiyo inabidi ajifanye ni Mosely. Unabandika utepe wa kunata kwenye tundu, unamtisha paka apite pale, manyoya yanabaki kwenye utepe, unayagandisha juu ya mdomo kwa siropu ili upate masharubu. Sasa sikiliza: Mosely mwenyewe hana masharubu! Kwa hiyo unaiba pasipoti yake unachora masharubu kwenye picha. Hakuna binadamu aliyefikia jibu hilo kwa kuwaza, watu walijaribu kila kitu juu ya kila kitu mpaka kikakubali, au wakasaidiwa. Na kusaidiwa kwenyewe kulikuwa biashara, makampuni yaliuza vitabu vya majibu na yakaweka namba za simu za kulipia ambazo unapiga unapewa dokezo. Nikikumbuka hilo najiuliza ni mafumbo mangapi yaliachwa magumu vile kwa sababu ugumu ulikuwa unalipa.

Na hata waliokuwemo waliliona mapema. Ron Gilbert, aliyeongoza hiyo Monkey Island, mwaka 1989 aliandika makala kali ya kuukosoa mtindo wa gemu hizi za adivencha, kwamba usimuue mchezaji hovyo, usimfungie njia bila yeye kujua, lengo alione kabla hajaanza kulitafuta. Mwaka uliofuata akayatekeleza, ndo maana Monkey Island ni vigumu kufa ndani yake, labda ukae chini ya maji zaidi ya dakika kumi, na shujaa ameshakwambia mapema kwamba anaweza kubana pumzi dakika kumi. Mi naona hilo dogo ni zuri kuliko mambo mengi makubwa.

Haya, tuje huku. Ukicheza Resident Evil 4 ile iliyotengenezwa upya 2023 utakuta ngazi na masanduku yamepakwa rangi ya njano ili ujue hapa panda, hapa vunja. Mwaka 2024 Final Fantasy VII Rebirth nayo ikaja na miamba ya njano, watu wakagombana mitandaoni wiki nzima. Kwenye God of War Ragnarök ya 2022 unaingia chumba chenye fumbo, hujamaliza hata kugeuza kamera, mhusika anayetembea nawe ndani ya gemu ameshaanza kukwambia cha kufanya. Hiki ndo kinachoniuma. Waliotengeneza hicho chumba wamekaa wakawaza, kuna minyororo, kuna barafu, kuna shoka linalorudi mkononi, ni kazi ya watu wenye akili nyingi sana, alafu mtu mwingine hukohuko ndani akaamua nisipewe nafasi ya kuiona. Kwa hiyo ubunifu upo palepale, sema umefunikwa na mdomo.

Wanaotetea wana hoja za kweli wala sio visingizio. Grafiki za sasa zimejaa vitu, chumba kimoja kina chupa, makopo, vitambaa na mbao mia, na kati ya hivyo vyote unaweza kugusa kimoja tu, bila alama utapapasa ukuta kama kipofu. Zamani hili lilikuwepo pia, tulikuwa tunasugua maus kwenye skrini nzima kutafuta kidoti cha ufunguo. Kuna wachezaji ambao macho yao hayaoni vizuri, kwao ile rangi ndo mlango wa kuingilia. Kuna mtu anatoka kazini kachoka, ana saa moja tu kabla ya kulala, akikwama hiyo saa yote kesho hafungui tena. Na gemu ikila mamilioni ya dola na miaka mitano ya watu mamia, mwenye pesa hataki kusikia kwamba mchezaji aliacha kwenye chumba cha pili. Hayo yote nayakubali, tena ile ya macho naikubali bila masharti.

Ila kusema ubunifu umeisha hapana. Lucas Pope alitoa Return of the Obra Dinn mwaka 2018, kazi kubwa akiifanya mwenyewe, picha za rangi mbili tu kama kompyuta za miaka ya 80. Merikebu imerudi bandarini bila watu, unatakiwa kujua watu 60 walikuwa nani na yaliwapata nini. Gemu inakuthibitishia majibu matatumatatu ili usibahatishe. Nilimjua baharia mmoja kwa namba iliyoandikwa kwenye kitanda chake cha wavu, tena mguu tu ndo ulikuwa umetokeza nje. Mguu! Outer Wilds ya 2019 ni hivyohivyo, huongezewi nguvu wala silaha, kinachokufungulia njia ni kile ulichokijua. Disco Elysium ya mwaka huohuo ni maandishi mtindo mmoja na watu waliyasoma. Sasa hizi zimezidiwa wapi na za 1990? Mi naona kadhaa zinazishinda, na zinatenda haki zaidi.

Shida ni kwamba ziko pembeni, anayeanza leo anakutana kwanza na zile kubwa zinazotangazwa kila mahali, na huko ndo hakwami kabisa. Na kumwambia arudi nyuma azicheze zile za asili ni kumtuma mbali, maana utafiti wa 2023 wa Video Game History Foundation, shirika linalohifadhi historia ya gemu, ulikuta asilimia 87 ya gemu za kabla ya 2010 zilizotoka Marekani hazipatikani tena sokoni. Zinazochezeka leo nyingi ni kwa jasho la mashabiki, mfano wale wa ScummVM, programu ya kuchezea gemu za zamani kwenye mashine za sasa, wanaoihudumia tangu 2001.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba dawa inajulikana. Return to Monkey Island ya 2022, Gilbert huyohuyo, ina kitabu cha madokezo ndani ya gemu, hakikufuati, kipo kwenye begi lako, ukikitaka unakifungua na kinakupa kidogokidogo. Na Shadow of the Tomb Raider ya 2018 ilikuwezesha kupanga ugumu wa mafumbo peke yake na wa kukwea peke yake, anayehitaji rangi kwenye miamba anaiacha, asiyeihitaji anaiondoa. Mi niliiondoa. Nikafika kwenye mwamba mmoja nikasimama pale chini, hamna alama, hamna anayenisemesha, nikazungusha kamera taratibu, nikaanguka mara mbili, ya tatu nikaona kule juu kivuli kimekatika mahali padogo tu, nikaruka na vidole vikashika.