Kwa nini wanasayansi hurudi Trieste

Nyuma ya mlango wa ofisi ya rafiki yangu kuna bango la kitambaa lililoviringishwa, limefungwa kwa mpira ule ule lililotoka nao kwa mchapishaji. Yeye ni mtafiti wa malaria. Mada yake ilikubaliwa kwenye kongamano kubwa la kimataifa, akalipa ada, akapata barua ya mwaliko, akapeleka taarifa za benki za miezi sita pamoja na picha mbili za pasipoti. Jibu la viza lilimfikia siku tatu baada ya kongamano kufungwa. Bango hilo halijawahi kutundikwa popote.

Hunijia akilini kila ninaposoma sifa za mji fulani kuwa kitovu cha utafiti na mikutano ya sayansi. Sifa zenyewe huwa ni viti vya ukumbi, vyumba vya hoteli na wingi wa ndege zinazotua. Mimi nauliza mawili tu: aliyetoka mbali aliruhusiwa kuingia? Na aliyekuja mara moja, alirudi? Nikipima hivyo, mji ninaouweka mbele ya miji yote ni bandari ndogo ya Italia ambayo watalii wengi huipita bila kuitazama. Unaitwa Trieste.

Una watu kama laki mbili, uko kwenye kona ya juu kabisa ya bahari ya Adriatiki, na mpaka wa Slovenia uko kilomita chache tu. Zamani ulikuwa bandari kuu ya dola ya Austria na Hungaria. Dola hiyo ilipovunjika mwaka 1918, Trieste ikabaki na magati na maghala, lakini nchi iliyokuwa ikiyatumia haikuwepo tena. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ukakaa chini ya utawala wa kijeshi wa Waingereza na Wamarekani hadi 1954, ndipo ukarudishwa Italia. Churchill, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, alipozungumzia mwaka 1946 pazia la chuma, yaani mpaka uliotenga Ulaya ya kikomunisti na ile ya magharibi, alilitaja kuwa limeshuka kutoka Stettin kwenye bahari ya Baltiki hadi Trieste. Yaani huu ulikuwa mji wa mwisho wa barabara. Isitoshe, kipindi cha baridi unavuma upepo uitwao bora, unaoteremka kutoka milimani kwa kasi inayoweza kupita kilomita 100 kwa saa, na kwenye baadhi ya mitaa zilikuwa zikifungwa kamba au minyororo ili wapita njia washikilie wasipeperushwe. Anayetafuta mahali pa kuweka kongamano kwa kufuata vigezo vya kawaida asingefika huko.

Aliyeuona mji huo kwa jicho jingine alikuwa mwanafizikia wa Pakistani, Abdus Salam. Alikuwa amesoma Cambridge, akarudi nyumbani kufundisha Lahore mwaka 1951, na huko akajikuta peke yake. Hakukuwa na mtu wa kujadiliana naye, majarida yalikuwa haba, na chuo kikampa kazi ya kusimamia timu ya mpira. Mwaka 1954 akaondoka kurudi Uingereza. Hakusahau kwamba alilazimika kuchagua kati ya nchi yake na fizikia, na ndiyo sababu mwaka 1960, akiwa mjumbe wa Pakistani kwenye mkutano mkuu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki huko Vienna, akapendekeza kiundwe kituo ambacho mtu wa nchi changa ataweza kwenda, kufanya kazi na wenzake wa kiwango cha juu, kisha arudi kwao bila kupotea. Wapo waliombeza. Salam mwenyewe alisimulia kwamba mjumbe mmoja alisema fizikia ya nadharia ni Rolls-Royce ya sayansi, na nchi hizi zinachohitaji ni mikokoteni ya ng'ombe tu. Kila nikikumbuka maneno hayo damu hunichemka, kwa sababu hata leo yanasemwa, ila kwa lugha laini zaidi.

Trieste ilimwunga mkono. Paolo Budinich, profesa wa chuo kikuu cha mji huo, aliishikilia hoja hiyo kwa miaka, na Italia ikatoa jengo na fedha. Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia, ICTP, kikafunguliwa mwaka 1964. Italia haikuanza na ukumbi wa watu elfu tano. Ilianza na ofisi, ubao na maktaba, mahali ambapo mtu ataamka asubuhi na kwenda kufanya kazi. Wageni wa mkutano wakiondoka, wenye kazi wanabaki.

Matunda hayakuchelewa. Mwaka wa masomo wa 1965 na 1966 wataalamu wa plazma (gesi ya moto sana yenye chaji za umeme) wa Urusi ya Kisovieti na wa Marekani walikaa Trieste kwa miezi mingi wakipiga hesabu pamoja, Roald Sagdeev upande mmoja na Marshall Rosenbluth upande wa pili, wakati serikali zao zilikuwa zinaelekezeana makombora. Mji ule wa mwisho wa barabara ukageuka kuwa katikati, kwa sababu ulikuwa jirani na pande zote mbili. Mwaka 1968 wakakutana huko wanafizikia mashuhuri, Dirac, Heisenberg, Bethe na wengine wa ngazi hiyo, kuzungumzia fizikia yote kwa jumla. Salam alipopewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 1979, alikuwa bado mkurugenzi wa kituo, na aliendelea hadi 1993.

Lakini jambo ninalolipenda kuliko yote halina majina makubwa. Ni mpango wa wale wanaoitwa washirika. Mhadhiri wa nchi changa anapewa nafasi ya kwenda Trieste mara kadhaa katika kipindi cha miaka kadhaa, anakaa wiki au miezi, na ajira yake inabaki nyumbani. Fikiria mtu aliyefundisha madarasa matano kwa wiki mwaka mzima. Anashuka kwenye basi Miramare, karibu na ile ngome nyeupe iliyo kando ya bahari, anapewa funguo, anaingia maktabani na kuvuta jarida aliloliona kwa miaka mitatu kama muhtasari tu. Mchana anamkuta kwenye korido mtu aliyeandika makala hiyo. Wanasimama mbele ya ubao, mmoja anaandika, mwingine anafuta kwa kiganja cha mkono kwa kuwa kifutio hakionekani, na chaki inawajaa kwenye mikono ya shati. Mwaka wa pili anarudi na wanaanzia pale walipoachia. Ukumbi wa kukodi kwa siku nne hauwezi kumpa mtu huo mwaka wa pili.

Taasisi nyingine zikafuata, kama wafanyabiashara wanavyofuata soko. SISSA, shule ya uzamivu, ilianzishwa mwaka 1978. Akademia ya Sayansi ya Dunia, TWAS, jumuiya ya wanasayansi wa nchi changa, ikaasisiwa mwaka 1983, Salam akiwa kiongozi wake. Kikaja kituo cha uhandisi jeni na bioteknolojia, ukaja mtambo wa sinkrotroni wa Elettra, unaozungusha elektroni kwa kasi ili kutoa miale mikali ya kuchunguzia vitu, juu kwenye uwanda wa mawe ya chokaa. Kongamano likiitishwa Trieste sasa, wasikilizaji wengi wanatoka nyumbani kwao kwa miguu au kwa basi, na mgeni anajua kuna watu watakaomuuliza maswali magumu.

Kuna wanaosema mambo haya yamepitwa na wakati, kwamba skrini inatosha. Mimi nawajibu kwa habari ya Karlsruhe. Mwaka 1860 wanakemia zaidi ya 120 walikutana katika mji huo wa Ujerumani kwa siku tatu wakibishania uzito wa atomu, na wakaachana bila kuafikiana. Siku ya mwisho washiriki wakagawiwa kijitabu cha Mwitalia Stanislao Cannizzaro kuhusu uzito huo huo. Lothar Meyer alikisoma akirudi kwao, na baadaye akaandika kwamba magamba yalimwanguka machoni. Mendeleev naye alikuwemo ukumbini, na miaka tisa baadaye akatoa jedwali lake la elementi. Sasa tazama: hoja za kijitabu kile zilikuwa zimechapishwa tangu 1858. Yeyote angeweza kuzisoma. Zilihitaji mkono wa mtu kuzitia mkononi mwa mwingine, baada ya siku tatu za ubishi zilizomfanya msomaji awe na kiu nazo.

Ndiyo maana suala la viza linaniuma. Mwaka 2022 mkutano wa kimataifa wa UKIMWI ulifanyika Montréal, na watu wengi kutoka Afrika, bara lenye mzigo mkubwa kuliko yote, walinyimwa viza au hawakujibiwa kabisa. Mji ule una vyuo vikuu vizuri na ukumbi mzuri. Kwa wale waliobaki nyumbani, vyote hivyo ni sawa na bure. Sitaki kudai kwamba Trieste haina shida hiyo, kwani Italia nayo ina ubalozi na foleni. Ila kituo kama ICTP, chenye jina la Umoja wa Mataifa, kinachowaita watu wale wale mwaka baada ya mwaka, kina uzito tofauti mbele ya dirisha la viza kuliko barua ya waandaaji ambao kamati yao huvunjwa mkutano ukiisha.

Tangu 2018 ICTP ina tawi la Afrika Mashariki mjini Kigali, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, na mwaka huo huo Rwanda ilianza kutoa viza mlangoni kwa raia wa nchi zote. Kigali ilikuwa tayari na ukumbi wake mkubwa wa mikutano, ule wenye kuba linalowaka taa usiku, na picha zake ndizo zinazosambazwa. Mimi natamani nione picha za lile tawi: nani anasoma pale, nani alikuja kwa mwezi mmoja na amerudi tena. Nimemwambia rafiki yangu kwamba kukiitishwa warsha ya hesabu za magonjwa huko, achukue basi na alibebe lile bango. Ameniuliza kama rangi bado haijafifia.