Wito haulipi ada ya mtoto

Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) kijijini, na nasema haya nikiwa ndani ya nyumba: wachungaji wetu tunawaumiza, kisha tunajificha nyuma ya wito wao.

Kuufikia uchungaji kwenyewe ni safari. Kijana anapendekezwa na usharika wake, anahojiwa na dayosisi, anakwenda Makumira au chuo kingine cha theolojia, kisha anarudi kusubiri kubarikiwa, yaani kuwekewa mikono awe mchungaji. Kwa wanawake mlango umefunguliwa juzi tu: KKKT iliridhia mwaka 1990, wa kwanza wakawekewa mikono mwaka uliofuata. Hadi leo nasikia binti akiulizwa atahama vipi akishaolewa. Kijana wa kiume haulizwi.

Akishapangiwa kituo ndipo mzigo unapoanza. Jumapili baada ya ibada tunanadi ndizi, mayai na kuku, halafu wazee tunaingia ofisini kuhesabu. Sehemu ya dayosisi inatengwa kwanza, maana ina tarehe yake. Inafuata posho ya wainjilisti wa mitaa, mafuta ya pikipiki, saruji ya jengo. Mchungaji anapata kinachosalia, na miezi ya kabla ya mavuno hakisalii kitu. Hakuna aliyeiba, ndivyo tulivyopanga wenyewe. Wiki hiyohiyo amezika, amesuluhisha ndoa, amefundisha watoto wa kipaimara, na mama mchungaji amepikia wageni wa usharika kwa unga wa nyumbani kwake.

Nikilisema barazani najibiwa kwamba alikuja kumtumikia Mungu. Ni kweli. Lakini Paulo, fundi wa mahema aliyejilisha kwa mikono yake, ndiye aliyewaandikia Wakorintho kwamba waihubirio Injili wapate riziki kwa hiyo Injili. Yeye aliiacha haki yake kwa hiari. Sisi tunamnyang'anya mtu haki, kisha tunaiita sadaka yake.

Ndiyo maana wachungaji wazuri wanaomba uhamisho wa mjini, au wanaishia kufundisha shule. Siwalaumu hata kidogo.

Ninachotaka ni mishahara yote itoke kwenye mfuko mmoja wa dayosisi, usharika wa mjini ubebe wa kijijini. Na mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, upelekwe kila mwezi bila kukosa, kwa sababu mchungaji anapostaafu anakabidhi na funguo za nyumba, na wengi hawajajenga.