Paka wa Ulaya ana bima, wa Tanga ana kiroba

Msichana wa mapokezi kwenye kliniki ya wanyama, huku Milton Keynes, alichungulia mlangoni akaita jina la paka wangu, akalifuatishia jina la ukoo. Jina la babu yangu mzaa baba, mtu aliyesalisha watu Ngamiani, kwetu Tanga, mpaka nguvu zikamwishia, linaitwa kwa sauti mbele ya mbwa na sungura ili paka Shume aingie akachomwe sindano. Watu wakatabasamu. Mimi nikainuka na kikapu changu, nimenuna.

Wenyewe wanaona ni heshima. Paka akishaandikishwa ni mtu wa nyumba: ana faili, ana tarehe ya kuzaliwa, ana kadi ya chanjo, na chini ya ngozi ya mabega kapandikizwa chipu ya utambulisho, ndogo kama punje ya mchele. Na hilo la chipu si hiari. Tangu tarehe 10 Juni 2024, hapa England kila paka wa kufugwa lazima awe nayo kabla hajatimiza wiki 20, na mwenye paka akikaidi, faini inafika paundi 500. Nilipomsimulia kaka yangu kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. "Yaani paka ana kitambulisho?" Anacho kaka, na wewe chako bado unakifuatilia.

Najua mnachosema. Huyo kapata makaratasi, sasa anatuletea habari za paka. Wagonjwa wanalala wawili kitanda kimoja, yeye analipia paka bima. Nayajua kwa sababu yanasemwa kwenye kundi la ukoo na mimi nimo humo humo, nasoma. Haya, nisikilizeni nami. Ninachotuma mwisho wa mwezi hakijapungua hata shilingi kwa ajili ya Shume. Na hakuna mtoto Muheza aliyekosa dawa kwa sababu paka wa Barabara ya 12 kawekewa maji kwenye kikopo.

Tofauti ninayoizungumzia mimi si pesa, ni kutazama. Sisi tumezaliwa tukamkuta paka ndani, na hatumtazami. Tunamwona tu anapopita na mkia wa samaki.

Mwaka jana Shume aliingia kwenye sanduku lake la mchanga, akachuchumaa, akatoka. Muda si muda akarudi. Anachuchumaa, mkia unatetemeka, mchanga mkavu. Akitoka anajilamba chini ya tumbo, halafu huyo tena sandukuni. Mke wangu, naye ni wa hapo hapo Tanga na aliapa kuwa paka huyu hamhusu, ndiye aliyesema: huyu hakojoi. Tukapiga simu kliniki, wakatuambia mleteni sasa hivi, msingoje kesho. Paka dume njia yake ya mkojo ni nyembamba mno. Ikizibwa na ute au chembechembe zinazojijenga kibofuni, taka za mwilini zinarudi kwenye damu, na siku mbili tatu zinatosha kumuua. Wakamlaza kwa sindano, wakampitisha mpira mwembamba, wakamtundikia dripu. Bima ililipa sehemu kubwa, na iliyobaki niliilipa nikiwa nimeuma meno.

Sasa niambieni, nyumbani madume wangapi wamekufa hivyo uvunguni, tukasema kala panya mwenye sumu? Au jirani ana mkono? Paka haugui kwa kelele. Porini mnyama mdogo akionyesha udhaifu ameliwa, kwa hiyo maumivu anayaficha. Anajikunyata pembeni, manyoya yanachakaa kwa sababu kaacha kujilamba, chakula anakinusa na kuondoka. Asipokula siku kadhaa, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwili yanahamia kwenye ini na ini linachoka. Hayo yote yanaonekana bila mashine. Kinachotakiwa ni mtu wa kumtazama tu.

Na huruma yetu inapokuja, ndiyo inamaliza kazi. Mtu anavunja Panadol, anaikorogea kwenye maziwa. Jamani! Ini la paka haliwezi kuisafisha dawa hiyo mwilini, na kidonge kimoja kinaweza kumtoa roho. Maziwa yenyewe paka wengi wakubwa yanawaharisha. Ila kwenye chakula, mama zetu wapewe haki yao. Paka ni mla nyama, na asipopata taurini, ambayo imo kwenye nyama na samaki, macho na moyo vinaharibika. Ugali mtupu hauna. Vile vichwa vya dagaa alivyokuwa akivimwaga mama nyuma ya jiko vinayo, na huku ningevinunua kwenye pakiti yenye picha ya paka anayecheka.

Msidhani nimewavulia kofia Waingereza. Jirani yangu wa mkono wa kulia hajui jina langu hadi leo, lakini akinikuta kwenye takataka anauliza, "Shume hajambo?" Wapo wanaowafungia paka ghorofani mwaka mzima, paka kanenepa hawezi kujigeuza ajilambe mgongo, siku nzima yuko dirishani anawatolea njiwa meno. Mchukue huyo umlinganishe na paka wa soko la samaki la Deep Sea, hapo Tanga. Yule ana sikio limechanika na jicho moja lina kovu, lakini anajua mashua zinarudi saa ngapi na anamjua mchuuzi mwenye moyo. Kwa uhuru, wa kwetu kawashinda, sibishi.

Mjomba naye hakunyamaza. Alinitumia sauti ndefu akinikumbusha hadithi ya Mtume kuhusu yule mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Alinilenga mimi. Marahaba mjomba. Shume anatoka kwa kijimlango cha jikoni atakapo, na chakula kipo. Lakini na wewe nijibu: Abu Qatada, sahaba wa Mtume, alipomwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, mkono wa pili alikuwa ameshika fagio?

Hapo hata sijagusa kiroba, na kiroba ndicho kinachonikera kuliko yote. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne, anaibeba wiki tisa hivi, anazaa, na watoto hawajaacha kunyonya vizuri keshapandwa tena. Jibu letu linajulikana. Anatafutwa kijana, anapewa mia tano na kiroba, watoto wanatiwa ndani, macho hayajafumbuka, na mama yao analia ukumbini usiku kucha mpaka anatupiwa kandambili. Sisi hao hao ndio tunaosema paka wa nyumba haingwa.

Dawa yake ni kumfunga kizazi jike na kumhasi dume. Huku ni jambo la asubuhi moja, jioni paka yuko nyumbani analewa-lewa. Na msiniambie kwetu haiwezekani. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Waingereza ni ya 2006, ya kwetu Tanzania ni ya 2008. Tumepishana miaka miwili tu! Madaktari wa mifugo wanafundishwa Sokoine pale Morogoro, na wanafundishwa vizuri. Tatizo ukimpelekea bwana mifugo paka, anakuuliza kama huna ng'ombe. Anakuuliza hivyo kwa sababu wewe ndiye wa kwanza kumletea paka, na hakuna wa pili nyuma yako.

Kaka kaniandikia jana kuwa nimekuwa Mzungu. Sawa, nimekuwa. Jike la pale nyumbani lina mimba tena, nimeliona kwenye picha ya harusi, limelala chini ya meza ya biriani. Pesa ya kulifunga kizazi likishanyonyesha nimeshaituma kwa simu. Nasubiri nione nani atalibeba kwa daktari, na nani atakuja kuniuliza kama iliyobaki inatosha kununua kiroba.