Nani kakutuma?

Shangazi yangu aliuza magunia mawili ya korosho kwa kangomba, mnunuzi wa mlangoni asiyepitia ushirika, kabla jua halijapanda, akajifunga kitenge, akakodi bodaboda, akaingia kwangu Chuno, Mtwara mjini, saa nne asubuhi na kuku mmoja na redio. Kuku alikuwa hai. Redio haikuwa na betri. Shamba, jiko, mikeka na korosho zilizobaki mtini aliviachia Mungu.

Kilichomkimbiza ni voisi ya WhatsApp ya dakika moja na ushee. Mwanaume anahema, anasema "wameshavuka, wameshavuka". Hasemi kina nani. Hasemi wamevukia wapi, na mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji, si mfereji, una vivuko chungu nzima. Mwishoni anapata pumzi ya kutosha kutuagiza tutume kwa kila tunayempenda. Nyuma ya voisi ikaja video ya mji unaoungua, na maelezo kwamba ni Palma, ng'ambo ya mto, imevamiwa asubuhi hii na sisi ndio tunaofuata.

Video hiyo niliitazama mara tatu, shangazi akiwa kwenye mkeka anakunywa maji. Mara ya tatu nikaona kibao cha duka la dawa, kwa Kifaransa: "Pharmacie". Gari lililopita mbele yake lilishika upande wa kulia. Jamani! Hivi tuna ndugu Palma wangapi? Tumevuka kwenda harusini mara ngapi? Ng'ambo ile wanaandika Kireno, na magari yao yanashika kushoto kama yetu. Hata mtoto wa darasa la nne aliyewahi kupelekwa kusalimia ndugu angelijua hilo. Lakini kundi la ukoo lina watu 140, wakiwamo walimu wawili na ofisa mmoja mstaafu, na wote waliweka viganja vya dua wakaisukuma mbele.

Nikampigia binamu aliyeileta. Akanijibu kwa utulivu wa mtu aliyekwisha nawa mikono: "Mimi nimetuma kama nilivyopokea."

Sentensi hiyo ndiyo iliyoniweka hapa kuandika. Kama nilivyopokea! Kwetu habari ya msiba hailetwi hivyo. Anayeleta anabisha hodi, anakaribishwa, anakaa. Anaulizwa nani kakutuma, anataja jina. Anaulizwa imekuwaje, anasema anachokijua, na asichokijua anasema "hilo sikuambiwa". Mtu mzima hatumwi taarifa ya kifo akaitupa dirishani na kuondoka. Na hapo ni kifo cha mtu mmoja, mara nyingi mzee aliyeugua muda mrefu. Sasa habari kwamba kijiji kizima kinachinjwa, yenyewe haina mwenyewe. Hakuna aliyemtuma mtu. Imepokelewa tu, ikatumwa tu, kama upepo wa kusi.

WhatsApp yenyewe, ambayo haina ukoo wala ubini, imejaribu kutusaidia. Ujumbe uliopita mikono mingi unawekewa mishale miwili. Tangu 2020 ujumbe wa aina hiyo haupelekwi tena kwenye makundi matano kwa mpigo, unapelekwa kundi moja moja. Maana yake binamu yangu alikaa, akatuma, akarudi, akatuma, akarudi. Ile ilikuwa kazi. Kwa jasho hilohilo angempigia mtu mmoja aliye kandokando ya mto akamuuliza "mmeamkaje?" Dakika mbili. Bando la video lile linatosha salamu za wiki.

Na msiniambie eti uvumi hauui. Aprili 2024, Nampula, mkoa wa Msumbiji ulio jirani na Cabo Delgado iliko Palma, boti ya uvuvi ilizama karibu na Kisiwa cha Msumbiji, wakafa watu zaidi ya 90. Viongozi wa huko walisema wengi walikuwa wanakimbia maneno yaliyoenea kuhusu kipindupindu. Hapakuwa na bunduki yoyote. Palikuwa na maneno, boti na watoto.

Haya, najua mtakachosema, na sipendi kwamba mna hoja. Oktoba 14, 2020, kijiji chetu cha Kitaya, kandokando ya Ruvuma, kilipovamiwa na watu wenye silaha kutoka ng'ambo, sisi tulijua kwa simu za ndugu, huku redio ikituletea kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Zilipita siku ndipo mkuu wa polisi wa wakati ule, IGP Sirro, akasema hadharani kwamba wavamizi walikuwa kama 300. Machi 2021 Palma iliposhambuliwa, mtandao wa simu ulikatika. Mjomba wetu mmoja, ambaye watoto wake walikuwa kule, alikaa barazani siku nne na simu mkononi kama mtu anayesubiri mkate uive. Mtu wa namna hiyo ukimpa voisi ataisikiliza, iwe ya kweli au ya shetani. Wenye mamlaka wakinyamaza, anayehema kwenye simu anageuka msemaji. Hilo nawapa.

Lakini angalieni. Ile ya Kitaya ilikuja na majina. "Nyumba ya fulani imechomwa, mimi niko hapa na wanangu, tunaelekea kule." Mtu alikuwa na sauti tunayoijua, na ukimpigia anapokea. Mjomba naye kwa siku nne zile hakututumia chochote. Tulipomuuliza alisema "sijui", kila siku "sijui", na sisi tukakaa naye kwenye ile sijui yake. Tofauti ya hao na huyu wa "wameshavuka" inaonekana hata gizani.

Kuhusu giza, jioni binamu alileta video nyingine, ya mizinga usiku, haina sauti, kamera inatikisika. Kuna gemu linaitwa Arma 3. Vipande vyake vimeshapitishwa kama vita ya Ukraine na ya Gaza, hadi watengenezaji, kampuni ya Czech iitwayo Bohemia Interactive, wakatoa maelezo mwaka 2022 ya namna ya kuvitambua: picha hafifu, kamera inayotikisika, usiku, mara nyingi bila sauti. Siapi kwamba ya binamu ilitoka humo. Nilimtumia maelezo hayo, akanijibu kwa kiganja cha dua.

Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015. Haijamrudishia shangazi gunia hata moja.

Na sijamaliza na kangomba. Yule kijana alifika mlangoni kwa shangazi alfajiri ileile, na bakuli lake la kupimia, anasikitika, anasema "shangazi, afadhali uondoke na chochote mkononi". Akampa 1,200 kwa kilo. Nimepekua orodha ya kundi letu. Yumo. Sisemi kitu.

Shangazi alirudi kwake siku ya tano. Hapakuwa na aliyevuka. Jirani alikuwa amemwagilia bustani na mbuzi wa jirani huyohuyo wamekula mchicha. Mnada wa korosho wa chama cha ushirika ulipofanyika, bei ikatangazwa kwa kipaza sauti, akanipigia: "Mwanangu, wewe umesoma, nipigie hesabu, nimepoteza kiasi gani?"

Magunia mawili, kilo 80 kila moja. Nikapiga, nikarudia. Ilikuwa zaidi ya laki mbili.

Nikamwambia elfu thelathini.