Joto likipanda, nani anamwahi mwenzake shambani?

Geuza jani la kabichi huko Lushoto asubuhi ya Julai, utakuta vidukari wa kijivu wamejazana kama unga uliomwagika. Ukibahatika, pembeni yupo buu wa mdudu-kibibi, yule mbawakawa wa madoadoa anayewala vidukari: buu huyo ni mweusi, ana mabaka ya rangi ya chungwa, umbo kama mamba mdogo. Ametulia tuli. Baridi imemshika, na vidukari wanaendelea kuzaa.

Sasa kuna ubishi. Hali ya hewa inazidi kuwa ya joto, na wapo wanaosema hiyo ni ahueni kwa wadudu wanaotusaidia kwa kula wadudu waharibifu. Wengine wanasema ni pigo kwao.

Wa kwanza wana hesabu ya kuaminika. Mdudu hajitengenezei joto la kutosha. Kasi ya kukua kwake hufuata hewa iliyomzunguka. Mdudu-kibibi wa Asia, ambaye amepimwa kwa makini maabara, hakui joto likiwa chini ya nyuzi 11.2 za Selsiasi. Likizidi hapo, kila nyuzi ya ziada ya kila siku hujumlishwa, na zikitimia kama 267, yai limekuwa mdudu mzima. Kwa wastani wa nyuzi 16 atachukua siku 55 hivi. Kwa nyuzi 26, siku 18. Vidukari wa aina nyingi wao huanza kukua kwenye nyuzi 5 hivi, tena majike huzaa watoto hai bila kuhitaji dume. Ndiyo maana wakati wa baridi mlaji anaachwa mbali, na joto likiongezeka kidogo anaanza kuwakaribia. Kwa milima ya Usambara, hoja hii naikubali.

Siikubali ikishushwa mpaka Tanga mjini, kwenye joto la pwani. Joto likivuka nyuzi 30 na ushei, kasi hukoma kupanda, mayai huharibika, mabuu hufa. Wanaopona hutoka wadogo, na jike dogo hutaga mayai machache. Wastani wa mwezi huficha haya yote, kwa kuwa saa chache za jua la mchana zinatosha kuua.

Tumeshaliona jambo hili kwa dumuzi, mla mahindi ghalani ambaye Watanzania walimwita Scania alipoibuka Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Adui wake, mbawakawa aitwaye Teretrius nigrescens, alifuatwa hukohuko, akaachiliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Pwani ya Afrika Magharibi, kwenye joto na unyevu, alifanya kazi nzuri. Kwenye baridi, na hata kwenye joto kavu, alisuasua. Mdudu ni yuleyule na chakula ni kilekile.

Kwa hiyo ushauri mmoja kwa nchi nzima unaniudhi. Bwana shamba wa milimani anapaswa kumwambia mkulima kwamba akipuliza dawa Julai, buu anayekufa leo huenda asipate mrithi kwa karibu miezi miwili, na vidukari watakuwa wamerudi zamani. Wa pwani azungumzie kivuli: mistari ya mbaazi, matandazo, majani yaliyoachwa pembezoni mwa shamba, mahali ambapo buu anaweza kujificha saa nane mchana.