Stakabadhi ya mama wa chai na ubishi wetu juu ya urasimu

Kwenye vikao vya wakulima wa chai hapa Rungwe, neno urasimu linatamkwa kama jina la ugonjwa. Juzi tena mjumbe alisimama akataka ngazi zote za uongozi zifutwe ili mambo yaende. Hasira yake naielewa. Jani bichi halisubiri saini: lisipofika kiwandani siku ileile linapata joto ndani ya gunia na kuharibika. Lori likikaa kituoni mpaka meneja aliyeko mjini apitishe fomu ya mafuta, hasara ni ya mkulima. Robert Merton, mwanasosholojia wa Marekani, alilieleza hilo mwaka 1940: kanuni iliyowekwa kusaidia kazi hugeuka kuwa kazi yenyewe. Nao Burns na Stalker, watafiti wa viwanda vya Uingereza, mwaka 1961 walionyesha kwamba mfumo wa amri kutoka juu hufaa palipotulia, ila soko likibadilika unakwama.

Lakini Max Weber, mwanasosholojia wa Kijerumani aliyeueleza urasimu na anayelaumiwa kwa haya yote, alikuwa akiulinganisha urasimu na kitu gani? Na ofisi ya bwana, ambamo mtumishi ni mtu wa nyumbani kwa mkubwa na haki yako ni hisani yake. Kwenye ofisi ya kanuni cheo si mali ya anayekikalia, kazi hupewa mwenye ujuzi, na uamuzi huandikwa. Hilo la kuandikwa ndilo linaloninyima usingizi kila nikisikia "tufute".

Mama anafika kituoni na gunia kichwani. Karani anasoma mizani, kilo 23, anaandika kwenye kitabu chenye kaboni, anachana nakala. Mama anaikunja mara nne na kuifunga kwenye pindo la kitenge. Malipo yakija pungufu, anafungua fundo lake. Nimemwona akirudishiwa kilo zake kwa sababu nakala ya kituo ilisema vilevile. Hakuwa na ndugu ofisini, wala hakuhitaji kumbembeleza mtu. Msimu mmoja kitabu kiliisha, karani akawa anaandika kwenye daftari lake, tukaambiwa tuaminiane. Malalamiko yalipoanza, waliokuwa karibu naye walirekebishiwa haraka. Wengine waliishia kuapa.

Ndiyo maana siamini kwamba ngazi zikiondoka madaraka huondoka nazo. Jo Freeman, mwanaharakati wa haki za wanawake Marekani, alilisema hilo mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuhusu vikundi vyao vilivyojidai havina uongozi: viongozi walikuwepo, ila hukuwachagua na huwezi kuwaondoa. Kwetu kiongozi wa namna hiyo huwa shemeji ya mtu.

Chuki yetu kwa ofisi ina mizizi. Hapa Tukuyu ofisi ilianza na boma la Wajerumani, na wakati wa mkoloni karatasi ulitunza ili uonyeshe kwamba umelipa kodi. Karatasi ya yule mama inaelekea upande mwingine: yeye ndiye anayeidai ofisi.

Basi mjumbe wetu apewe nusu ya anachotaka. Mafuta ya lori yaidhinishwe na msimamizi wa kituo, palepale, kwa kiwango kilichowekwa mwanzo wa msimu. Meneja akague mwisho wa mwezi. Kitabu cha kaboni kisiguswe, na kingine kiwe kabatini kabla hiki hakijaisha.