Pesa ya umma, kampuni ndogo na anga za juu: hasara haipo pale tunapoitafuta

Kila linapoibuka wazo kwamba serikali itenge fedha kwa kampuni changa za hapa Tanzania zifanye utafiti wa teknolojia ya anga za juu, jibu huja haraka: zahanati zina upungufu wa dawa, Jangwani, Dar es Salaam, inafurika kila masika, nanyi mnawaza roketi. Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Shida yake ni kwamba inajibu swali ambalo halijaulizwa. Hakuna anayeomba roketi, na fedha ya namna hii, ikipangwa vizuri, haifanani kabisa na sadaka kwa vijana wenye ndoto.

Mpango unaotajwa sana ni ule wa Marekani uitwao SBIR, wa kugharimia utafiti wa kampuni ndogo, ambao sheria yake ilisainiwa 1982. Taasisi ya serikali kuu ambayo bajeti yake ya utafiti unaofanywa na watu wa nje inazidi dola milioni 100 kwa mwaka hulazimika kutenga asilimia 3.2 kwa kampuni zenye wafanyakazi wasiozidi 500. Miaka ya karibuni NASA imekuwa ikitoa hadi dola 150,000 kwa awamu ya kwanza, miezi sita, ili kampuni ionyeshe kama wazo lake linawezekana. Awamu ya pili ni hadi dola 850,000 kwa miezi 24, kutengeneza kifaa na kukijaribu. Awamu ya tatu haina ruzuku. Ni mkataba wa ununuzi unaolipwa na mradi wenye shida halisi, na kampuni inaweza kupewa bila kushindanishwa upya kwa sababu ilishashindana mlangoni.

Awamu hiyo ya tatu ndiyo wakosoaji wengi huisahau. Mwaka 2019 kampuni ndogo ya Colorado, Advanced Space, ilipata kwa njia hiyo mkataba wa dola milioni 13.7 wa setilaiti iitwayo CAPSTONE, yenye uzito wa kama kilo 25. Chimbuko lake lilikuwa utafiti wa awamu za mwanzo: vyombo vilivyo karibu na Mwezi vitajuaje mahali vilipo bila kutegemea antena za duniani muda wote? Iliruka Juni 2022. Mwezi Septemba vali ya injini ilikwama ikiwa wazi kidogo, chombo kikaanza kuzunguka ovyo, na mafundi walihangaika kwa wiki kadhaa kukituliza. Novemba kiliingia kwenye mzunguko wake wa Mwezi. Hapo serikali haikuwa mfadhili, ilikuwa mteja.

Wapinzani wana ushahidi wao. Zipo kampuni zilizogeuza kuandika maandiko ya miradi kuwa biashara yenyewe: zinashinda awamu ya kwanza mara kumi, mara hamsini, na hakuna bidhaa inayofika sokoni. Mchumi Josh Lerner, aliyezifuatilia kampuni za SBIR kwa takriban muongo mmoja, aliona kwamba walionufaika walikua kuliko wenzao, lakini waliopata tuzo nyingi hawakufanya vizuri zaidi ya waliopata moja. Wengine wameonyesha kwamba fedha ya umma wakati mwingine huchukua tu nafasi ya fedha ambayo kampuni ingeitoa mfukoni kwake. Atakayeandaa mpango kama huu hapa na asiweke kikomo cha tuzo kwa kampuni moja, atapata hizo kampuni za maandiko ndani ya miaka mitatu.

Lakini ipo takwimu moja ambayo kwangu inabadilisha mjadala. Mtafiti Sabrina Howell alichunguza kampuni zilizoomba fedha ya SBIR katika Wizara ya Nishati ya Marekani, akalinganisha zilizopita kwa shida na zilizokosa kidogo tu. Tuzo ya awamu ya kwanza iliongeza uwezekano wa kampuni kupata mwekezaji wa hisa kutoka kama asilimia 10 hadi 19. Tuzo ya awamu ya pili, kubwa mara kadhaa, haikuonyesha athari ya aina hiyo. Ni nishati, si anga za juu, ila tabia ya mtaji inafanana. Pesa ndogo ya mwanzo ilifanya kazi ambayo pesa kubwa ya baadaye haikuifanya. Maelezo yanayoshawishi ni kwamba ile ya kwanza ilinunua jaribio: kampuni iliunda kifaa cha mfano, ikakipima, na shaka kubwa ikaondoka. Kwa hiyo anayesema “tusitapanye vidogo vidogo, tuchague wawili watatu tuwape fedha nono” anapendekeza kinyume cha kinachoonekana kufanya kazi.

Sasa tuilete Dar es Salaam, na hapa lazima tuwe wakweli. Lerner aliona pia kwamba ukuaji ule ulijitokeza maeneo yenye wawekezaji wengi wa kampuni changa. Sisi hao ni wachache. Kijana akithibitisha wazo lake pale Buni Hub, kituo cha wabunifu cha Kijitonyama, mwenye mtaji wa kumpokea hayupo mtaa wa pili. Wapinzani huishia hapo wakidhani wameshinda. Mimi naona hapo ndipo hoja ya upande wa pili inapoanza: pasipo na mwekezaji, mnunuzi wa kwanza lazima awe serikali, la sivyo awamu ya kwanza itazaa ripoti za kuwekwa kabatini.

Na kazi ya kununua ipo. Chukua mafuriko ya bonde la Msimbazi. Picha za rada za Sentinel-1, setilaiti za Ulaya, ni za bure na hupenya mawingu ya masika. Maji yaliyotulia huakisi mawimbi ya rada kwenda mbali, hivyo huonekana meusi. Programu ya kawaida huweka kizingiti cha weusi na kuita kila kinachokipita maji. Kwenye mashamba ya mpunga inafaa. Kwenye mitaa yenye nyumba zilizobanana, kama Tandale au Magomeni, inakwama: wimbi hugonga maji, likagonga ukuta, likarudi na nguvu zaidi, na mtaa uliozama huonekana mweupe kuliko ulio mkavu. Juu ya hayo, setilaiti moja hurudi mahali pale pale kila baada ya siku 12, wakati Msimbazi hupanda na kushuka kwa saa.

Swali la awamu ya kwanza ni hilo. Watu wawili, kompyuta moja yenye kumbukumbu ya kutosha, miezi sita. Walinganishe jozi za picha za kabla na baada ya mvua, wasitazame mwanga tu bali pia kama mawimbi ya picha hizo mbili bado yanawiana, wapime alama za maji kwenye kuta za nyumba zisizopungua mia mbili, kisha waseme wanakosea mara ngapi. Shilingi milioni 40 zingetosha. Kama jibu ni kwamba haiwezekani, tumejua kwa bei ndogo, kabla ya kununua mfumo wa mamilioni ya dola kutoka nje ambao ungeshindwa kwa sababu ile ile.

Nchi hii haiogopi kutenga asilimia. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Lakini ule ni mkopo wa kurejeshwa, na utafiti unaoweza kuishia na jibu la “hapana” haurejeshi mkopo. Ununuzi wa umma unatengewa makundi maalumu asilimia 30, ila kwa bidhaa na huduma ambazo tayari zipo. COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, ina mfuko wa utafiti, nao hauna mkataba wa ununuzi unaosubiri mwisho wa barabara. Vipande vipo. Kinachokosekana ni kiungo.

Kiungo hicho kina mambo mawili ya kufa na kupona. La kwanza ni pengo kati ya awamu. Kampuni ya watu watano haiwezi kulipa mishahara miezi minane ikisubiri kamati ikae. Hata Marekani pengo hilo limeua kampuni nzuri, na Septemba 30, 2025 muda wa sheria ya SBIR ulipoisha kabla Bunge halijauongeza, waliobanwa kwanza walikuwa wadogo. Hapa, ambako serikali hukawia kulipa wazabuni, fedha ya awamu iwekwe benki kabla mkataba haujasainiwa. La pili ni hati za zabuni, ambazo kwa kawaida hudai uzoefu wa kazi zinazofanana na mauzo ya miaka iliyopita. Aliyefuzu awamu ya pili ahesabiwe kuwa ametimiza sharti hilo, na Mamlaka ya Hali ya Hewa au TANROADS, wakala wa barabara, iruhusiwe kununua kwake moja kwa moja ndani ya NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa serikali.